Sura ya Sita: Mpango wa Sitini na Moja

Mpango wa sitini na moja nao ulikuwa sahihi, na hapo ndipo Nieves Ayaviri alipoanza kuogopa kweli.

Kwa siku mbili alikuwa amejifungia katika chumba cha nyuma cha hospitali ya Santa Águeda, mjini Tarapampa, yeye na kalamu ya risasi, kikokotozi, na mafaili ya wagonjwa wote waliopigwa mionzi tangu mwezi wa tatu. Kila faili lilikuwa na mpango wa tiba: mwale uingilie wapi, ukingwe wapi, ukae dakika ngapi. Kompyuta ilikwisha kuzipiga hesabu hizo. Nieves alizipiga upya kwa mkono, moja baada ya nyingine. Alitarajia kukuta kosa. Tuseme ukweli, alilitamani. Kosa la kwenye karatasi lina mwanzo na mwisho: unaliona, unalizungushia duara, unahesabu nani kaumia na nani kanusurika.

Hakulipata. Mipango ilikuwa safi yote, na wagonjwa walikuwa wanaungua.

Kumi na wanne kati ya sitini na mmoja walikuwa na ngozi nyeusi iliyochubuka katika wiki ya tatu, wakati madonda ya namna hiyo huja wiki ya sita, yakija. Don Casimiro, fundi viatu aliyetibiwa kibofu, alizikwa Jumamosi. Madaktari waliandika kwamba kauawa na saratani. Mjane wake hakukubali, akaiandikia barua mamlaka ya mionzi kule La Paz, na barua hiyo ndiyo iliyomleta Nieves, mwanamke wa Oruro mwenye miaka kumi na tisa katika ukaguzi na sifa ya kutocheka kazini.

Alikuja kwa ndege. Sanduku lake la vipimo lilikuja kwa lori, na lori lilikuwa limekwama siku ya tatu hiyo katika barabara ya Potosí, ambako wakulima walipanga mawe njiani wakaketi juu yake kudai maji. Lingefika kesho, labda. Asubuhi hiyo alimwomba mkurugenzi, Daktari Lourdes Iporre, asimamishe mashine mpaka sanduku lifike.

"Niletee kipimo nifunge," daktari alimjibu bila kuketi. "Nikifunga kwa hofu yako tu, hawa watu waende wapi? Mashine nyingine iko kilomita mia tatu na barabara ndiyo hiyo imezibwa. Saratani haingoji lori lako, mama."

Nieves alikuwa na lakiri ya serikali mkobani na sheria ya kuitumia. Lakini mwaka jana alifunga mashine ya mji mwingine siku kumi na moja kwa kosa ambalo baadaye halikuonekana, na wagonjwa wawili hawakurudi tena. Aliyajua majina yao. Ndiyo maana mkono wake ulikuwa mzito kuingia mkobani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo. Tiba za mchana zilianza saa nane, na wa kwanza katika orodha alikuwa Rosaura Llanque, mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minne, uvimbe wa koo. Nieves alilifungua faili lake kwa mara ya nne. Grei mbili, kipimo cha mionzi, kila siku, siku tano kwa wiki. Mwale wa kumtibu koo ulipita pia juu ya uti wa mgongo, na uti hauvumilii zaidi ya grei arobaini na tano. Ukifika hapo, lazima mwale uhamishwe, la sivyo mtu anaweza kupooza. Kwa mujibu wa karatasi Rosaura alikwisha kupata mara kumi na sita, yaani grei thelathini na mbili. Nafasi bado ilikuwa tele, kama karatasi ilisema kweli.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Aliyeingia ni Fortunato Barja, fundi wa mashine, mwanamume mfupi mwenye kiganja kipana, amebeba bakuli la supu ya karanga.

"Mama Mkaguzi, kula. Tumbo tupu halina hesabu."

"Asante, don Fortunato. Mkeo anaendeleaje?"

Mke wake ndiye Rosaura huyo huyo. Hospitali ilikuwa na mafundi wawili. Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo Fortunato mwenyewe ndiye aliyemlaza mkewe kila siku chini ya mashine na kubonyeza kitufe.

"Hamezi kitu. Jana nimempa uji wa api wa uvuguvugu kwa kijiko, kijiko kwa kijiko, kama mtoto." Akajaribu kucheka. "Shingo imekuwa nyeusi kama sufuria. Ananiambia, nikipona hii nitacheza dansi ya Bikira mwezi wa tisa, nimwonyeshe huyo Bikira kwamba sijafa. Amekwisha kulipia sketi."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema ngozi zetu hutofautiana." Jasho jembamba lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na chumba kilikuwa na baridi. "Mama Mkaguzi, umeshaona kitu kwenye hayo mafaili?"

"Sijaona kitu."

Alishusha pumzi. Nieves aliisikia pumzi hiyo. Mume wa mgonjwa anayeungua akiambiwa kosa halijaonekana hukasirika au hulia. Huyu alionekana ametua mzigo. Nieves aliiweka kumbukumbu hiyo kando, akala vijiko vitatu vya supu, kisha akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu jana.

Aliacha kutafuta kilichoharibika katika mafaili. Akatafuta kile ambacho mafaili yote yalikiamini.

Kilikuwa kimoja. Katika kila mpango, juu kulia, palikuwa na namba ile ile iliyoandikwa kwa mkono: nguvu ya chanzo, grei moja kwa dakika. Mashine hiyo ilikuwa ya kobalti, punje yenye mionzi iliyofungiwa katika kichwa cha madini ya risasi, na punje mpya iliwekwa mwezi wa tatu. Kompyuta haikujua punje ina nguvu gani. Iliambiwa. Aliyeambiwa uongo akipiga hesabu sahihi, jibu lake huwa uongo sahihi.

Nieves akaenda kumtafuta aliyeiambia.

*

Mhandisi Erwin Egüez, mwanafizikia wa hospitali, alikuwa ofisini kwake amevaa koti la manyoya na skafu juu yake. Alikuwa mtu wa Santa Cruz, camba wa nyanda za chini, ameletwa mwezi wa pili baada ya mwanafizikia wa zamani kustaafu. Tangu afike alikuwa analalamika baridi.

"Karibu. Umekuja kunifunga pingu?" alisema. "Mkurugenzi ananitazama kama mwizi wa kuku. Kosa likitokea, nani mgeni? Egüez."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mhandisi. Mipango yako nimeimaliza."

"Na?"

"Safi. Sijakuta hata desimali iliyopotea."

Egüez aliegemea nyuma, akafumba macho. "Mungu akubariki. Nyie macolla wa milimani mna sura ngumu, ila mna haki."

"Usinibariki bado. Grei moja kwa dakika uliitoa wapi?"

"Niliipima. Mimi mwenyewe, mwezi wa tatu, siku nzima." Akavuta droo, akatoa karatasi yenye mihuri. "Na nilivyopima nikagundua tumeibiwa. Soma."

Ilikuwa barua ya malalamiko kwa muuzaji wa chanzo, imesainiwa na mkurugenzi. Cheti cha kiwandani kilidai chanzo kinatoa grei moja na nukta nne kwa dakika. Hospitali ilipima, ikakuta grei moja tu. Barua ilimshutumu muuzaji kwa kuwauzia mali iliyochoka kwa bei ya mali mpya.

Nieves alisoma mara mbili.

"Mlipokuta tofauti hii hamkushangaa?"

"Kushangaa nini? Magari tunayopanda ni mitumba, nguo mitumba, ile mashine ya picha iliyoko ghorofani ilikuja na majina ya wagonjwa wa Kijerumani ndani. Mkurugenzi alisema, 'Ndivyo walivyo, wanadhani Bolivia ni jalala.' Hakuna hata mmoja hapa aliyeshangaa."

"Muuzaji akajibu?"

"Amejibu kwamba tupime tena. Jeuri hiyo!"

"Mkapima tena?"

Egüez alikaza skafu yake. "Tulikuwa na wagonjwa arobaini wanangoja foleni."

"Sheria inataka watu wawili wapime, kila mtu kivyake. Naona saini mbili hapa. Yako na ya nani?"

"Ya Fortunato."

"Alipima kwa vifaa vyake, siku yake?"

"Alikaa pembeni yangu akasoma jedwali. Akaona namba zinakubaliana, akasaini."

"Namba zako zilikubaliana na namba zako."

"Mama, hospitali ina kipimio kimoja. Ulitaka apime kwa kidole?"

Nieves hakubishana. Kipimio cha mionzi ni kichupa chenye hewa. Mionzi ikiipiga hewa hiyo, mtambo unahesabu. Hewa ikiwa nzito huhesabu zaidi, ikiwa nyepesi huhesabu pungufu, kwa hiyo kabla ya kuamini kichupa lazima ukiambie mgandamizo wa hewa ya mahali pale. Hili hufundishwa mwaka wa kwanza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Siku hiyo mgandamizo wa hewa ulikuwa ngapi?"

Egüez alifungua daftari lake, akateremsha kidole. "Elfu moja na ishirini na mbili."

Nje, mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Nieves alisubiri kilio hicho kipite. Alikuwa binti wa Oruro. Mama yake alichemsha maharagwe tangu alfajiri ili yaive jioni, kwa sababu huko juu hewa ni nyembamba na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Mtoto yeyote wa milimani angejua kwamba hewa ya Tarapampa, mita elfu mbili na mia saba juu ya bahari, haifiki hata mia nane.

"Uliipata wapi namba hiyo, Mhandisi?"

"Nilipiga simu mnara wa uwanja wa ndege. Hapa hakuna barometa."

"Mnara unawapa marubani namba iliyorekebishwa. Wanaihesabu kana kwamba uwanja uko ufukweni, ili ndege zote zitumie kipimo kimoja. Si hewa unayovuta wewe."

"Najua, najua hilo, nilisoma..." Alitazama daftari lake. "Kwetu hewa inacheza mia tisa na sabini, mia tisa na themanini. Mnara ukisema elfu na kumi, tofauti ni ndogo. Nimeona namba ya elfu maisha yangu yote. Haikunishtua."

"Hapa ingemshtua hata muuza viazi vikavu vya chuño."

"Mama." Rangi ilikuwa imemtoka. "Mama, tofauti ni kiasi gani?"

"Hewa ya hapa ni kama mia saba na thelathini. Gawanya."

Hakuhitaji kikokotozi, midomo yake ilipiga hesabu. Moja na nukta nne. Cheti cha kiwandani kilikuwa kweli. Chanzo kilikuwa kipya na chenye nguvu zake zote, na kwa siku kumi na sita, na ishirini, na thelathini, kila mgonjwa aliyeandikiwa grei mbili alikuwa amepewa mbili na nukta nane.

"Nilimwuliza Fortunato," Egüez alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia, barometa iko wapi? Akasema hapa haijawahi kuwepo."

Nieves alikwisha kulitoa mkobani na kulifungua faili la ukaguzi wa miaka mitatu iliyopita. Ukurasa wa nne, orodha ya vifaa vya chumba cha mashine. Barometa moja, ya ukutani, ya shaba, nzima.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Alitoka mbio. Hakuna aliyewahi kumwona Nieves Ayaviri akikimbia.

*

Katika chumba cha uongozaji Fortunato alikuwa amesimama mbele ya meza ya vitufe. Kwenye skrini juu yake alionekana Rosaura, amelala chali chini ya kichwa cha mashine, uso wake umebanwa kitandani kwa barakoa ya plastiki yenye matundu ili asitikisike. Ni vidole vyake tu vilivyosogea, vikicheza juu ya shuka. Mlango mzito ulikuwa umefungwa. Taa ilikuwa ya kijani bado.

"Usibonyeze," Nieves alisema.

"Mama Mkaguzi, ameshalala tayari. Dakika mbili tu."

"Toa mkono."

"Dakika mbili, kisha nitakujibu chochote. Barakoa inambana, hawezi kumeza mate. Niache nimmalizie."

Nieves alipitisha mkono kati yake na meza, akazungusha ufunguo, akauchomoa. Meza ikazimika. Kisha akaenda kwenye ukuta wa kulia, ambako kalenda ya duka la dawa ilining'inia peke yake, chini mno kwa mtu kuisoma, akaiinua. Nyuma yake palikuwa na msumari na alama ya duara, rangi ya zamani iliyokwepa jua miaka mingi. Pembezoni mwa duara, kwenye vumbi, palikuwa na kipande cha karatasi ya waridi, kidogo kama ukucha wa mtoto. Alikibandua.

"Barometa iko wapi, don Fortunato?"

"Haijawahi..." Alitazama kipande kile. "Ilipelekwa La Paz kutengenezwa. Zamani. Kabla ya Krismasi."

"Hii ni mixtura. Watu wanairusha Jumanne ya Carnaval, kabla ya Kwaresima, wanapobariki nyumba na magari na vyombo vya kazi. Rangi haijapauka, ni ya mwaka huu, na imenasa pembezoni mwa duara, ndani yake hamna hata kipande. Jumanne ya Carnaval barometa ilikuwa hapa ukutani."

Mlango wa korido ukagonga ukuta. Daktari Iporre aliingia, Egüez nyuma yake akihema.

"Nani kazima mashine yangu?" daktari alifoka. "Mwanamke kalala pale amefungwa uso! Una kipimo? Kipimo kiko wapi?"

"Kichupa kiliambiwa hewa ya pwani, daktari. Kila mgonjwa anapata mara moja na nukta nne."

"Umepima?"

"Nimehesabu."

"Umehesabu! Mwaka jana pia ulihesabu, mama, habari zilitufikia. Nipe huo ufunguo. Fortunato, mshughulikie mgonjwa wako."

Nieves hakuutoa ufunguo, lakini hakumtazama daktari pia. Alikuwa anamtazama Fortunato, ambaye midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anazidisha.

"Mara moja na nukta nne," Fortunato alisema. "Mbili, mbili na nukta nane. Mara kumi na sita."

"Fortunato!" daktari aliita.

Hakuitika. Alikwenda kwenye kabati lake la nguo kwenye kona, akalifungua, akatoa koti, akatoa viatu, akatoa furushi la gazeti. Alilifungulia juu ya meza. Barometa ya shaba, kioo chake kimepasuka, ndani kumeganda utando wa kahawia wenye harufu ya bia iliyochacha, na vipande vya mixtura, waridi na kijani, vimeshikana na utando huo. Mshale ulikuwa umekwama.

"Soma hapo, daktari," alisema. "Ilikufa Jumanne ile ile. Soma hapo."

Daktari Iporre aliinama. Mshale ulikuwa umefia kwenye mia saba na thelathini.

Daktari alivuta kiti akakaa, na mikono yake ikatafuta mahali pa kukaa, isipate.

"Sema yote," Nieves alisema.

"Ijumaa kabla ya Carnaval walimwambia Rosaura ni saratani." Fortunato alizungumza akiitazama skrini. "Jumanne nikaja kuibariki mashine. Kila mwaka tunaibariki, daktari anajua, bia kidogo, mixtura, majani ya coca, neno kwa Pachamama, mama wa ardhi. Ila mwaka huu nikasema itamtibu mke wangu, isinywe kidogo. Nikaitikisa chupa. Nikamwaga juu, nikamwaga pembeni, nikairushia povu. Nikaiambia: mtunze. Povu likapiga barometa, ikaanguka kwenye meza, kioo kikapasuka. Ni kifaa cha serikali. Nikadhani watanifukuza, na nikifukuzwa bima ya Rosaura inakwenda na mimi. Nikaificha. Nikasema nitanunua nyingine kimya kimya."

"Na Mhandisi alipoandika elfu na ishirini na mbili?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake."

"Uliiona?"

"Niliiona." Sauti ilipasuka. "Miaka kumi na mbili naupita mshale ule kila asubuhi, mia saba na thelathini, na ishirini na nane, na thelathini na mbili. Nikajua namba hii si yetu. Nikafikiri, nikisema ataniuliza yetu ni ipi, umeijuaje, barometa iko wapi. Nikasema moyoni, yeye ndiye msomi. Nikasaini."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila mara nyingine kifo hukosea mlango kikaumbua wa jirani. Nieves alimfikiria don Casimiro fundi viatu. Kisha akatoa lakiri mkobani, akaibandika juu ya tundu la ufunguo, akaandika tarehe na saa. Safari hii mkono haukuwa mzito.

"Ni ngapi, Mama Mkaguzi?" Fortunato aliuliza. "Ya kwake. Mimi nimepata arobaini na nne na nukta nane. Niambie nimekosea."

"Hujakosea."

"Na mpaka ni arobaini na tano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningebonyeza leo..." Aliutazama mkono wake wa kulia, kidole cha shahada, akakifunga ndani ya ngumi. "Nimembonyezea mara kumi na sita."

Kwenye skrini, Rosaura aliinua mkono taratibu na kuutikisa, jinsi mafundi wanavyowafundisha wagonjwa kuita.

*

Fortunato hakuweza kulegeza vishikizo vya barakoa. Nieves ndiye aliyevilegeza. Uso wa Rosaura ulitoka umechorwa miraba midogo midogo, na chini yake shingo nyeusi, inayong'aa kwa dawa ya kupaka.

"Mmelala huko nje?" Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Pua inaniwasha tangu niwekwe, na mume wangu ananitazama tu kwenye televisheni yake." Kisha akawaona wote: daktari mlangoni, camba mwenye skafu, mwanamke wa serikali. Akamwona mumewe. "Fortunato. Umefanya nini?"

Akamweleza. Nieves alikuwa ameshuhudia watu wengi wakiungama, na wengi hutafuta njia ya pembeni. Huyu hakutafuta. Alitaja bia, kabati, saini, na hesabu. Rosaura alisikiliza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mashine, miguu inaning'inia, na mumewe alipomaliza hakumpiga wala hakulia. Alimgeukia Nieves.

"Arobaini na nne na nukta nane. Chini ya arobaini na tano. Basi nimepona kwa chupuchupu?"

Nieves angeweza kusema ndiyo. Daktari Iporre, pale mlangoni, alikuwa anamwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Mpaka huo ni wa karatasi, mwalimu. Na kila siku ulipewa nyingi kwa mkupuo, na uti haupendi hivyo. Inawezekana sana umenusurika. Siwezi kukuapia."

"Nitajua lini?"

"Si leo wala kesho. Uti wa mgongo husema polepole. Miezi sita, saba, pengine mwaka. Ukianza kusikia ganzi miguuni, au shoti ya umeme ukiinamisha kichwa, uje siku hiyo hiyo."

Rosaura alihesabu kwa vidole, mwalimu hata hapo. "Mwezi wa tisa nitacheza, basi. Jibu litakuja Todos Santos, sikukuu ya wafu." Akakunja kidole cha mwisho. "Mkate wenye umbo la mtoto mtaoka wa kunipelekea kaburini, au nitaula mwenyewe."

"Rosaura," Fortunato alisema.

"Nyamaza kidogo. Ulinyamaza vizuri sana mwezi wa tatu."

Aliteremka. Nyayo zake tupu ziligusa sakafu ya saruji na akashtuka, mabega yakampanda.

"Baridi," alisema.

Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda. Fortunato alipiga magoti akavichukua, lakini hakumvisha. Aliweka kiganja chake kipana juu ya mguu wa kulia wa mkewe, akabonyeza kidogo kwa kidole kile kile.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akahamia wa kushoto.

"Na huu?"